Mada ya 9: Seva ya DHCP Isiyotakiwa katika Mtandao wa Nyumbani

Chukua swali hili: "Kompyuta ya chumbani imeunganishwa na mtandao, lakini haifungui tovuti yoyote. Simu ya sebuleni inafungua. Taja chanzo kinachowezekana na ueleze hatua za kukitafuta." Watahiniwa wengi huandika, "Intaneti haipo." Jibu hilo haliwezi kukupa alama, kwa kuwa linarudia dalili badala ya kutaja chanzo. Tena si kweli, kwani simu ya sebuleni inapata intaneti ileile.

Mada hii inashughulikia chanzo kimoja ambacho hata watu wazima hukisumbukia kwa siku kadhaa: kifaa kidogo kilichochomekwa ukutani kinaanza kugawa anwani za mtandao bila kuombwa na mtu. Nyumbani jambo hili lina gharama. Familia humlipa fundi, hununua bando la ziada, au hugombana na mtoa huduma ambaye hana kosa. Wewe nawe unapoteza jioni nzima uliyoitenga kwa marudio.

Malengo. Ukimaliza mada hii uweze:

1. Kueleza namna DHCP inavyogawa anwani za IP.
2. Kueleza kwa nini adapta ya pawalaini inaweza kuwa na seva ya DHCP.
3. Kutofautisha hali tatu za tatizo kwa kusoma anwani ya IP, lango na seva ya DHCP.
4. Kutaja kwa mpangilio hatua za kuitafuta na kuizima seva isiyotakiwa.

9.1 DHCP hufanya kazi gani?

Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani ya IP, na anwani mbili zisifanane. Zamani msimamizi wa mtandao aliziandika kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine. Itifaki ya DHCP ilikuja kumwondolea kazi hiyo. Toleo linalotumika hadi leo kwa anwani za IPv4 lilichapishwa mwaka 1997 katika waraka uitwao RFC 2131.

Ili uielewe DHCP, fikiria upangaji wa nyumba. Seva ni mwenye nyumba, kifaa chako ni mpangaji, na anwani ya IP ni chumba. Anwani haitolewi moja kwa moja. Inapangishwa kwa muda. Mazungumzo yao yana hatua nne:

1. Kutafuta. Kifaa kipya hakimjui mtu. Kinatangaza kwa wote: "Je, kuna seva hapa?" Tangazo hilo huenda kwa anwani 255.255.255.255.
2. Kutoa ofa. Kila seva iliyosikia inaweza kujibu: "Nina anwani hii, unaitaka?"
3. Kuomba. Kifaa kinachagua ofa moja na kutangaza kwamba kinaiomba hiyo.
4. Kuthibitisha. Seva iliyochaguliwa inakubali na mkataba unaanza.

Seva husikiliza kwenye bandari ya UDP namba 67, na mteja kwenye namba 68. Namba hizi zikariri.

Pamoja na anwani, seva hukipa kifaa taarifa nyingine mbili muhimu. Ya kwanza ni lango, yaani anwani ya kifaa cha kupitia ili kutoka nje kwenda kwenye intaneti. Ya pili ni anwani ya seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Anayekupa anwani ndiye anayekuonyesha mlango wa kutokea. Akikuonyesha mlango usio na njia, utabaki ndani.

Sasa rudi kwenye hatua ya pili. Nimeandika "kila seva iliyosikia". Itifaki haikukitaka kifaa kiulize kama seva ni halali. Kwa kawaida kifaa hupokea ofa iliyofika kwanza. Seva zikiwa mbili, ushindi ni wa mwenye mbio. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kwenye mtandao wa nyumbani, manahodha wawili tu wanatosha.

Kanuni ya kukariri: mtandao mmoja wa nyumbani, seva moja ya DHCP. Kwa kawaida seva hiyo ni ruta iliyounganishwa na mtoa huduma.

9.2 Muda wa mkataba

Nusu ya muda wa mkataba ikipita, kifaa humwendea seva ileile iliyokipa anwani na kuomba kuongezewa muda. Isipojibu, kifaa kinangoja hadi asilimia 87.5 ya muda, kisha kinatangaza kwa seva yoyote. Mkataba ukiisha bila jibu, kifaa kinaiacha anwani na kuanza upya hatua ya kutafuta.

*Mfano wa hesabu.* Mkataba ni wa saa 24. Ombi la kwanza la kuongeza muda litatumwa baada ya saa 24 × 0.5 = saa 12. Tangazo kwa wote litatumwa baada ya saa 24 × 0.875 = saa 21.

Hesabu hii inaeleza jambo linalowachanganya wengi. Kifaa kilichonaswa na seva isiyotakiwa hakiachi kwa hiari yake. Nusu ya muda ikifika, kinarudi kwa seva ileile na kuongezewa mkataba. Ndiyo maana tatizo linaweza kukaa kwenye kompyuta moja siku nyingi huku vifaa vingine vikiwa salama.

9.3 Adapta ya pawalaini ni nini?

Ni kifaa kinachopitisha data kwenye nyaya za umeme za nyumba. Hutumika kwa jozi. Moja unaichomeka kwenye soketi karibu na ruta na kuiunganisha na ruta kwa kebo ya Ethaneti. Nyingine unaichomeka chumba cha mbali, ambako kuta nene au umbali vinaizuia Wi-Fi. Hivyo hulazimiki kutoboa kuta ili kupitisha kebo.

Umeme wa majumbani hubadilika mara 50 kwa sekunde, yaani 50 Hz. Data husafiri kwa masafa ya juu zaidi. Kiwango kinachojulikana kwa jina la HomePlug AV hutumia kati ya MHz 2 na MHz 28. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoziwezesha data na umeme kupita kwenye waya mmoja bila kuvurugana. Ekstensheni na chaja zenye kelele hupunguza kasi, kwa hiyo adapta ichomekwe moja kwa moja ukutani.

Kwa kazi yake ya msingi, adapta ya pawalaini ni daraja. Inapokea pakiti upande huu na kuzitoa upande wa pili bila kuzibadili. Daraja haligawi anwani. Mtahiniwa anayeandika kwamba "adapta zote za pawalaini hugawa anwani za IP" amekosea.

9.4 Basi seva ya pili hutoka wapi?

Hutoka katika moja ya njia hizi.

(a) Adapta yenye Wi-Fi. Aina hii ni zaidi ya daraja. Ndani yake kuna kompyuta ndogo yenye ukurasa wa mipangilio, na baadhi huwa na seva ya DHCP pia. Sababu ya kuiweka ni njema: mnunuzi aweze kuunganisha simu yake na adapta ikiwa mpya na kufungua ukurasa wa mipangilio, hata kabla ya ruta kuunganishwa. Kazi hiyo ikiisha, seva inapaswa kuzimwa.

(b) Mpangilio wa otomatiki. Baadhi ya adapta husikiliza kwanza zinapowaka. Zikiona kuna seva nyingine, hunyamaza. Zisipoona, huanza kugawa anwani zenyewe. Sasa fikiria umeme umekatika na kurudi, jambo tunalolijua sote. Adapta inawaka kwa sekunde chache. Ruta inachukua muda mrefu zaidi kujiandaa. Adapta inasikiliza, haisikii seva, inahitimisha kwamba nyumba haina mwenyewe, na inaanza kazi. Ruta inapokuwa tayari, inamkuta mpangishaji mwingine ameshachukua wapangaji. Hii ndiyo sababu tatizo hili hujitokeza mara nyingi baada ya umeme kukatika, kisha hupotea na kurudi bila mpangilio unaoonekana.

(c) Kurejesha mipangilio ya kiwandani. Mtu amebonyeza kitufe cha kurejesha adapta ilivyokuwa dukani, akidhani anatengeneza. Seva iliyokuwa imezimwa huenda imewaka tena.

(d) Adapta ya jirani. Mawimbi ya pawalaini hayasimami kwenye mlango wako. Nyumba zinazochangia nyaya, kama vyumba vya kupanga au maghorofa, zinaweza kupitishiana mawimbi, na mita si kizuizi cha uhakika. Adapta za HomePlug AV husimba data kwa AES ya biti 128, lakini usimbaji una faida pale tu ufunguo unapokuwa siri. Adapta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na jina moja la mtandao. Kama wewe na jirani hamkubadilisha, adapta zenu zinaweza kutambuana na kuungana. Hapo kompyuta yako inaweza kupewa anwani na ruta ya jirani, na yake ikapewa na yako.

(e) Vifaa vingine. Ruta ya zamani iliyogeuzwa kuwa kisambaza Wi-Fi ni chanzo cha kawaida. Ikiunganishwa kupitia tundu la LAN bila kuzima DHCP yake, itagawa anwani kwenye mtandao mzima. Ikiunganishwa kupitia tundu la WAN, itawagawia tu walio nyuma yake. Vilevile kompyuta ya Windows inayogawa intaneti yake kwa wengine huwa seva. Utaitambua kwa lango la 192.168.137.1.

9.5 Soma anwani kabla ya kugusa kitu

Hapa ndipo penye uzito wa mada. Usianze kwa kuzima na kuwasha kila kitu. Ukifanya hivyo unafuta ushahidi, na vifaa vinaanza upya mbio za kupata ofa. Mtandao ukirudi, umepona kwa bahati. Kesho utaharibika tena. Anza kwa kusoma.

Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

ipconfig /all

Tafuta mistari mitatu: wenye anwani ya IPv4, wenye maneno "Default Gateway", yaani lango, na wenye maneno "DHCP Server", yaani seva iliyotoa anwani. Kwenye simu, fungua mipangilio ya Wi-Fi na uguse jina la mtandao uliounganishwa; simu nyingi za Android huonyesha anwani na lango.

Ukishasoma, utajikuta katika moja ya hali tatu:

Hali ya 1: anwani inaanza na 169.254. Hakuna seva iliyojibu. Kifaa kimejipa anwani chenyewe. Tatizo liko kwenye kebo, kwenye muunganisho wa adapta, au ruta imezimwa. Hapa hakuna seva ya ziada.

Hali ya 2: anwani, lango na seva ni vya ruta yako, lakini intaneti haifunguki. Ugawaji wa anwani uko sawa. Chunguza ruta yenyewe, malipo ya huduma, au mtoa huduma.

Hali ya 3: seva au lango si ruta yako. Kuna seva isiyotakiwa. Endelea na hatua za sehemu ya 9.6.

Tahadhari moja. Katika Hali ya 3, anwani yenyewe inaweza kuonekana sahihi. Tuseme ruta yako ni 192.168.1.1, na adapta imejipa 192.168.1.254 na kugawa anwani zinazoanza vilevile na 192.168.1. Ukitazama anwani ya kompyuta pekee hutaona kasoro. Kasoro iko kwenye mstari wa seva na wa lango. Zaidi ya hapo, seva mbili zisizojuana zinaweza kupangisha chumba kimoja kwa wapangaji wawili. Ukiona ujumbe wa mgongano wa anwani za IP, shuku jambo hili.

9.6 Hatua za kuitafuta

Hatua ya 1. Andika kwenye karatasi anwani, lango na seva ya kifaa kinachofanya kazi na cha kisichofanya kazi. Linganisha.

Hatua ya 2. Kwenye kompyuta yenye tatizo, fungua kivinjari na uandike anwani ya seva uliyoiona. Mara nyingi utafunguka ukurasa wa kuingia wenye jina la kifaa. Hapo umeshamjua mhusika.

Hatua ya 3. Ukurasa usipofunguka, andika *arp -a* kwenye dirisha la amri. Utaona anwani ya MAC iliyo mbele ya anwani ya seva hiyo. Tarakimu 6 za kwanza za MAC kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji. Linganisha na lebo iliyobandikwa kwenye kila adapta.

Hatua ya 4. Zima ruta. Chukua kompyuta iliyounganishwa na adapta kwa kebo, subiri dakika chache, kisha andika:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ikipata anwani ya 169.254, hakuna seva nyingine iliyojibu. Ikipata anwani nyingine yoyote huku ruta imezimwa, umethibitisha kwamba kuna mgawaji wa pili. Adapta yenye mpangilio wa otomatiki hujifichua hapa hata kama awali ilinyamaza.

Hatua ya 5. Ruta ikiwa bado imezimwa, chomoa vifaa vingine kimoja kimoja, ukirudia amri hizo mbili kila mara. Kifaa ambacho kikichomolewa anwani ya ajabu haitolewi tena ndicho mhusika.

Hatua ya 6. Ukiwa umechomoa kila kifaa chako isipokuwa adapta ya kawaida uliyounganisha kompyuta, na bado unapewa anwani, seva iko nje ya nyumba yako. Zungumza na jirani kwa upole. Yamkini naye ana tatizo hilohilo na hajui.

*Usalama:* adapta hizi zimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Usizifungue, na usizishike kwa mikono yenye maji.

9.7 Kuizima

Kama mhusika ni adapta yako yenye Wi-Fi:

1. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio na utafute sehemu ya DHCP.
2. Chagua kuzima kabisa. Usiache kwenye otomatiki, kwani umeme ukikatika itarudia yaleyale. Hifadhi. Kompyuta yako bado ina anwani ya zamani, kwa hiyo utaweza kuendelea.
3. Ipe adapta anwani tuli iliyo katika mtandao wa ruta lakini nje ya zile ambazo ruta inagawa. Kwa mfano, ruta ni 192.168.0.1 na inagawa kuanzia 192.168.0.100 hadi 192.168.0.199, adapta ipewe 192.168.0.2. Andika namba hiyo mahali, utaihitaji siku nyingine.
4. Kwenye kila kompyuta, achia anwani na uombe upya kwa amri za Hatua ya 4. Kwenye simu, zima Wi-Fi na uiwashe. Bila hatua hii, vifaa vinaweza kuendelea kushikilia mkataba wa zamani.
5. Jaribu kwa ukali. Zima ruta na adapta zote kwenye soketi, ziwashe kwa wakati mmoja kana kwamba umeme umerudi, kisha soma anwani tena. Zikibaki za ruta, umemaliza.

Kama chanzo ni jirani, tumia kitufe cha kuoanisha kilicho kwenye adapta zako. Kibonyeze kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili ndani ya muda uliotajwa kwenye kijitabu chake. Adapta zako zitapata ufunguo mpya wa siri na kuachana na za jirani.

Kuna mahali ambapo huwezi kuzima DHCP kwa sababu adapta haina ukurasa wa mipangilio au nywila imesahaulika. Hapo irejeshe ilivyokuwa kiwandani, ingia kwa nywila iliyoandikwa kwenye lebo, uibadilishe, na uzime DHCP mara moja.

9.8 Swali lililofanyiwa kazi

*Swali.* Familia moja ina ruta ya 192.168.0.1 sebuleni na adapta ya pawalaini yenye Wi-Fi chumbani. Baada ya umeme kurudi, taarifa zifuatazo zilisomwa. Taja chanzo cha tatizo, toa ushahidi, na ueleze kwa nini printa haikuathirika. (Alama 6)

Simu sebuleni: anwani 192.168.0.112, lango 192.168.0.1. Intaneti ipo.
Kompyuta chumbani: anwani 192.168.1.101, lango 192.168.1.1, seva ya DHCP 192.168.1.1. Intaneti haipo.
Printa: anwani tuli 192.168.0.20. Simu inachapisha, kompyuta haichapishi.

*Jibu.* Chanzo ni seva ya pili ya DHCP, ambayo yamkini ni adapta ya chumbani. Ushahidi wa kwanza ni kwamba seva iliyoipa kompyuta anwani ni 192.168.1.1, wakati ruta ni 192.168.0.1. Ushahidi wa pili ni kwamba simu, iliyopewa anwani na ruta, inapata intaneti. Kwa hiyo mtoa huduma hana kosa. Adapta ilijiweka kuwa lango, lakini haina njia ya kwenda nje. Printa haikuathirika kwa sababu ina anwani tuli, haiombi anwani kwa DHCP. Kompyuta haiwezi kuchapisha kwa sababu inadhani iko kwenye mtandao wa 192.168.1, na printa iko kwenye wa 192.168.0.

Angalia namna jibu lilivyojengwa: chanzo, ushahidi, sababu. Neno "yamkini" limetumika kwa makusudi, kwani taarifa tulizopewa zinathibitisha kuwepo kwa seva ya pili, lakini hazijaithibitisha adapta kuwa ndiyo. Uthibitisho ungetokana na Hatua ya 2 au ya 5.

9.9 Kwa nini ni suala la usalama pia

Adapta iliyojisahau haina nia mbaya. Lakini mlango uleule unaweza kutumiwa na mwenye nia mbaya. Anayegawa anwani huchagua lango na seva ya DNS. Akiweka kifaa chake kuwa lango, mawasiliano yako yanapitia kwake. Akiweka DNS yake, unaweza kuandika jina sahihi la tovuti ya benki na kupelekwa kwenye ukurasa wa bandia. Kivinjari kinapokuonya kwamba cheti cha tovuti si halali, usilazimishe kuendelea. Katika maofisi na vyuo, baadhi ya swichi huwekwa ulinzi unaozuia ofa za DHCP zinazotoka kwenye tundu lisiloruhusiwa. Nyumbani ulinzi wako ni kuijua seva yako moja na kubadilisha nywila za kiwandani.

Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

- Kuchanganya DHCP na DNS. DHCP inagawa anwani. DNS inatafsiri majina.
- Kuandika "washa upya ruta" kama suluhisho la pekee. Ni jaribio, chanzo hakijaondoka.
- Kupendekeza kila kifaa kipewe anwani tuli. Hapo unaificha seva isiyotakiwa, na mgeni atakayekuja na simu yake atanaswa.
- Kudai kwamba 169.254 ni dalili ya seva ya pili. Ni kinyume chake: ni dalili kwamba hakuna seva iliyojibu.

Zoezi la marudio

1. Taja hatua nne za mazungumzo ya DHCP kwa mpangilio. (Alama 4)
2. Mkataba wa anwani ni wa dakika 120. Kifaa kitaomba kuongezewa muda kwa seva yake baada ya dakika ngapi? Kitatangaza kwa wote baada ya dakika ngapi? (Alama 2)
3. Kompyuta ina anwani 169.254.10.7. Je, kuizima DHCP kwenye adapta kutasaidia? Toa sababu. (Alama 2)
4. Kwa nini mpangilio wa DHCP wa otomatiki huleta shida baada ya umeme kukatika? (Alama 3)
5. Umezima DHCP kwenye adapta lakini kompyuta bado ina lango lisilo sahihi. Eleza sababu na suluhisho. (Alama 2)

Majibu

1. Kutafuta, kutoa ofa, kuomba, kuthibitisha.
2. 120 × 0.5 = dakika 60; 120 × 0.875 = dakika 105.
3. Haitasaidia. Anwani hiyo inaonyesha hakuna seva iliyojibu. Kagua kebo, muunganisho wa adapta na kama ruta imewashwa.
4. Adapta huwaka kabla ya ruta kuwa tayari, haisikii seva nyingine, hivyo huanza kugawa anwani. Ruta ikiwa tayari, mtandao una seva mbili.
5. Mkataba wa zamani haujaisha. Achia anwani kwa *ipconfig /release*, kisha omba mpya kwa *ipconfig /renew*.

Ukikosa swali la 3 au la 5, rudia sehemu ya 9.2 na 9.5 kabla ya kuingia Mada ya 10. Maswali hayo mawili ndiyo yanayoonyesha kama umeielewa DHCP au umeikariri tu.